Mungu Aliyefiwa

Frigg anajua ajali ya kila kiumbe, ila hasemi. Ndivyo masimulizi ya kale ya Iceland yanavyomweleza mke wa Odin, mkuu wa miungu wa kaskazini mwa Ulaya, na yanalitaja jambo hilo kwa kupita, kana kwamba ni kitu kidogo kama aina ya vazi lake. Kisha yanaendelea na mengine. Mimi nimeshindwa kuendelea. Nimebaki kwenye maneno hayo machache nikimwaza mama huyu katika jumba lake, Fensalir, akipokea wageni, akiwatazama wanawe wakicheka, naye anaijua siku ya kila mmoja wao.

Mwanawe Baldr, kipenzi cha wote, alianza kuota ndoto mbaya. Aliwahadithia wenzake, wakakaa kikao, na Frigg akaondoka kwenda kuiapisha dunia. Aliuapisha moto, akayaapisha maji. Akaenda kwa chuma na madini yote, kwa mawe, kwa udongo, kwa miti, kwa maradhi, kwa wanyama na ndege, kwa sumu, kwa nyoka, kila kimoja kiape kwamba hakitamdhuru mwanawe. Vikaapa. Hebu ifikirie safari hiyo: kubisha hodi kwa homa, kuipigia magoti sumu.

Wapo wanaosema kwamba hapa hadithi imejisahau. Kama alijua, mbona alijisumbua? Nadhani swali hilo huulizwa na mtu ambaye hajapata kuuguza. Aliyewahi kukaa na mgonjwa wake wodini, baada ya daktari kumvuta pembeni na kumweleza yote, anafahamu kwamba habari ile haimzuii mtu kuamka alfajiri, akakoroga uji, akaubeba na kwenda nao.

Kitu kimoja kilibaki nje ya kiapo. Magharibi ya Valhalla, jumba la Odin, paliota mmea mdogo, aina ya kirukia, ile mimea iishiyo juu ya matawi ya miti mingine. Frigg aliuona mchanga mno hata kutakiwa kiapo. Miungu, kwa furaha yao, wakaugeuza usalama wa Baldr kuwa mchezo: walimsimamisha katikati, huyu akimrushia jiwe, yule akimkata kwa upanga, na hakuna kilichomgusa. Ndipo Loki, ambaye ni mmoja wao na si mmoja wao, akajigeuza mwanamke, akamwendea Frigg, akamdadisi taratibu mpaka akapata alichokitaka. Mama asiyesema ajali ya mtu alifungua kinywa mara moja, akatamka jina la kimmea kile. Ikatosha.

Nje ya duara alisimama Hod, ndugu yake Baldr, kipofu, mikono mitupu. Loki akamuuliza mbona naye hamtukuzi nduguye kama wenzake wanavyofanya. Akamtia mmea mkononi, akamwelekeza pa kurusha.

Waliokuwapo walipotewa na kauli. Kila aliyejaribu kusema, kilio kilimtangulia, hata hakuna aliyeweza kumweleza mwenzake huzuni yake. Na Odin, masimulizi yanasema, ndiye aliyeumia kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyeelewa zaidi ukubwa wa hasara ile. Jambo hilo linakwenda kinyume na pole zetu za kawaida. Sisi humwambia mfiwa kwamba laiti angeiona hekima iliyofichika, moyo wake ungetulia. Hapa aonaye mbali ndiye aliaye sana.

Walimchoma Baldr ndani ya merikebu yake, pamoja na mkewe Nanna, ambaye moyo ulimpasuka alipomwona mumewe akibebwa kuelekea kwenye moto. Kabla ya hapo Odin aliinama, akamnong’oneza mwanawe sikioni. Alisema nini? Hakuna ajuaye. Shairi moja la kale linamwonyesha Odin akilitumia swali hilo kumfunga jitu lenye maarifa katika shindano la maswali. Jitu likakubali kwamba limeshindwa, maana alilolisema Odin kwenye sikio la maiti hawezi kulijua mwingine. Wasomi wamependekeza majibu, na mengi yanataka kumfariji msomaji: kwamba alimwahidi kufufuka, kwamba alimfunulia siri ya mwisho wa dunia. Naona ni pupa. Baba aliyemwinamia mwanawe aliyekufa halazimiki kuwa na habari ya kumpa.

Mjumbe, Hermod, alipanda farasi wa Odin mwenye miguu minane, akaenda usiku tisa katika mabonde ya giza mpaka kwa Hel, bibi wa wafu. Hel hakumfukuza. Alitoa sharti: kama kila kitu duniani, kilicho hai na kisicho hai, kitamlilia Baldr, basi atarudi. Na dunia ikalia, watu na wanyama, mawe na miti. Madini nayo yalilia, na mwandishi anatukumbusha kwamba tumeyaona machozi hayo wenyewe, kwa vile chuma hutoka majimaji kinapotolewa kwenye baridi kali na kuingizwa kwenye joto. Kisha, pangoni, wajumbe wakamkuta jitu la kike, Thökk, aliyekataa. Baldr hakumfaa kwa lolote, hai wala mfu. Watu walimshuku kuwa ni Loki. Iwe ni yeye au la, jicho moja kavu lilitosha kufunga mlango.

Aliyelelewa katika imani ya Mungu Mmoja, asiyepungukiwa wala kuzidiwa, akisoma haya kwa mara ya kwanza hucheka. Miungu gani hawa? Wanazeeka: wasipokula matufaha ya mungu wa kike Idunn, mvi huwaota. Odin ana jicho moja, la pili alilitoa rehani katika kisima cha Mimir ili anywe maarifa. Freyr aliitoa silaha yake kwa ajili ya mapenzi na siku ya vita kuu atapigana bila upanga. Freyja ana mume asafiriye mbali, Od, naye humlilia machozi ya dhahabu nyekundu. Washairi wa zamani, wakitaka kutaja dhahabu, walisema machozi ya Freyja, na asiyekijua kisa alibaki gizani. Hakuna aliye mzima kati yao. Kila mmoja ana kitu alichokitoa na ambacho hatakipata tena.

Vijana wetu wanamjua Thor kutoka sinema za Marekani, kifua kipana na nyundo iitikayo wito wake. Laiti zingekaa zaidi na kisa cha safari yake kwa Utgarda-Loki, mfalme wa majitu. Thor alikaribishwa huko na kupewa majaribio matatu. Kwanza, pembe ya kinywaji: alivuta mara tatu kwa nguvu zake zote, kinywaji kikapungua kidogo tu. Pili, paka wa kijivu: aliinua, akainua, na paka akanyanyua mguu mmoja. Tatu, kwa kumdhihaki, akaletewa bibi kizee ashindane naye mieleka. Jina lake Elli. Kadiri Thor alivyokaza ndivyo bibi alivyozidi kusimama imara. Kisha bibi naye akaanza kumkamata, na Thor akaenda chini goti moja.

Asubuhi yake, nje ya lango, mwenyeji alimfunulia. Ncha ya pembe ilikuwa baharini, na kwa mikupuo ile mitatu Thor ndiye aliyeyafanya maji ya bahari yakapwa. Paka alikuwa yule nyoka mkubwa azungukaye dunia yote, na majitu yalitetemeka kuuona mguu ule ukiinuka. Bibi kizee alikuwa uzee wenyewe, ambao hajapatikana wala hatapatikana asiyeangushwa nao akiishi vya kutosha. Thor aliinua nyundo kwa hasira. Hapakuwa na mtu wa kumpiga. Mfalme ametoweka, jumba limetoweka, umebaki uwanda wa majani.

Ninalipenda goti lile moja kuliko ushindi wote wa Thor. Wazee waliokisimulia kisa hiki kando ya moto, magoti yao yakiwa yamekwisha kujua wanachokisema, hawakumwombea mungu wao ashinde. Walimfanya apambane na kile kile kinachopambana nao, kisha wakampa heshima ya kuanguka goti moja badala ya kulala chali. Na walicheka, bila shaka. Kuna unyenyekevu ndani ya kicheko cha namna hiyo ambao siuoni katika hotuba nyingi za dini nilizozisikia.

Juu ya miungu kuna majaliwa. Chini ya mti mkubwa Yggdrasil, unaoshika mbingu na nchi, kipo kisima cha Urd, na hapo wanakaa wanawake watatu: Urd, Verdandi na Skuld. Hao ndio wanaopanga maisha ya watu, na neno lao halipingwi hata na Odin. Lakini wana kazi nyingine ambayo hutajwa mara chache. Kila siku huteka maji kisimani pamoja na tope jeupe lililo kando yake, wakaumwagia mti, ili matawi yasikauke wala kuoza. Mti wenyewe unaliwa. Paa wanatafuna majani yake, ubavu wake mmoja umeshaoza, na shinani joka Nidhogg anaguguna mizizi usiku na mchana. Wale wale wanaojua kwamba mti utatikisika siku ya mwisho ndio wanaoumwagilia leo. Nimejiuliza kwa nini mtu aliyeshika kalamu ya majaliwa ahangaike na ndoo ya maji, na kila nikijaribu kulijibu swali hilo naliona jibu langu ni dogo kuliko picha yenyewe. Naliacha.

Kisa kizito zaidi kwangu ni cha Tyr. Loki alikuwa na mtoto mbwamwitu, Fenrir, ambaye miungu walimfuga kwao kwa sababu utabiri ulisema atawaangamiza. Alipokua, Tyr peke yake ndiye aliyethubutu kumkaribia na kumlisha. Walijaribu kumfunga kwa minyororo miwili, akaikata. Ndipo wakawatuma vibeti mafundi watengeneze kamba laini kama utepe wa hariri, kwa vitu sita: kishindo cha nyayo za paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, mishipa ya dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege. Msimuliaji anaongeza kwa utani kwamba ndiyo maana vitu hivyo huvioni tena duniani.

Fenrir si mjinga. Alisema kamba nyembamba hivi haina sifa kwa mwenye kuikata, na kama imetengenezwa kwa hila, basi hataivaa, ila mmoja wao aweke mkono kinywani mwake uwe rehani ya nia njema. Wakatazamana. Tyr akanyosha mkono wa kulia. Fenrir akafungwa, akajitupa, kamba ikazidi kukaza, na wote wakacheka, isipokuwa Tyr. Yeye alipoteza mkono.

Tuseme ukweli ulio wazi: miungu walidanganya. Ahadi ilikuwa ya uongo tangu mwanzo, na Tyr alijua. Mkono wake haukuwa ushahidi wa ukweli. Ulikuwa malipo ya uongo, uliolipwa na yule mmoja aliyemlisha mnyama akiwa mdogo, huku waliofaidika wakicheka. Ulimwengu uliokolewa kwa muda kwa kumvunjia ahadi kiumbe ambaye bado hakuwa amekosa lolote. Dini nyingi zingekisafisha kisa kama hiki. Zingemfanya mbwamwitu kuwa mwovu tangu tumboni na mkono wa Tyr kuwa sadaka takatifu. Watu wa kaskazini walikiacha kama kilivyo, na kicheko kile kikiwa ndani yake, ili kimkere kila atakayekisoma.

Sitaki kuwapamba. Watu waliosimulia haya ndio walioteka watu na kuwauza utumwani kutoka Ireland hadi mito ya Urusi. Adam wa Bremen, kasisi Mjerumani aliyeandika katika miaka ya 1070, anaeleza hekalu la Uppsala huko Sweden ambako kila mwaka wa tisa walitolewa kafara madume tisa wa kila aina, wanadamu wakiwamo, maiti zikatundikwa kwenye miti. Yeye hakuyaona kwa macho yake, alisimuliwa, na alikuwa na sababu ya kuwachafua wapagani. Hata hivyo makaburi ya nchi zile yana mifupa ya kutosha kutuzuia tusimwite mwongo moja kwa moja. Na katika karne ya 20 Wanazi walijibandika alama za kale za kaskazini kwenye sare zao. Kila azitajaye hadithi hizi kwa upendo inampasa ajue nani mwingine amezitaja kwa upendo.

Adam huyo huyo anaeleza kwamba watu walimwendea Thor kukiwa na tauni au njaa, wakamwendea Odin kukiwa na vita, na Freyr, ambaye anamwita Fricco, kukiwa na harusi. Kwa hiyo waliomba. Waliomba mvua, mavuno, uzazi, upepo mzuri baharini, kama kila mtu aombavyo. Kinachonishughulisha ni kwamba waliomba huku wakijua jinsi hadithi inavyoisha.

Maana inaisha vibaya. Odin anakusanya mashujaa waliokufa vitani, anawalisha, wanafanya mazoezi kila siku ya kupigana vita ambavyo tayari ameambiwa atashindwa. Fenrir atajinasua na kummeza. Thor atamuua nyoka wa dunia, atapiga hatua tisa, ataanguka kwa sumu yake. Jua litatiwa giza, nchi itazama baharini. Kisha nchi nyingine itainuka kutoka majini, mbichi, na mashamba yatazaa bila kupandwa. Watakaobaki watakuta nyasini vipande vya dhahabu vya bao walilokuwa wakicheza zamani. Baldr atarudi kutoka kwa wafu. Na pamoja naye, nyumba moja, atarudi Hod.

Hod alikuwa ameuawa kulipiza kisasi. Odin alizaa mtoto mahsusi kwa kazi hiyo, Vali, naye alimuua akiwa na umri wa usiku mmoja. Kipofu aliyetumiwa kumuua nduguye, akauawa na ndugu mwingine aliyezaliwa jana. Shairi linalosimulia mwisho huo halielezi kama ndugu hao wawili watasameheana, au watasema nini wakikutana. Linasema tu kwamba watakaa pamoja. Huenda ufufuo wa Baldr peke yake ungekuwa rahisi kuuandika.

Wengi wameuona mkono wa Kanisa katika mwisho huo, na pengine hawajakosea. Tunayoyasoma yaliandikwa na Wakristo. Snorri Sturluson, mtawala tajiri na mwanasheria wa Iceland, aliandika kitabu chake, Edda, yapata mwaka 1220, ili washairi vijana wasipoteze ufunguo wa mafumbo ya zamani. Mwaka 1241 aliuawa nyumbani kwake Reykholt na watu waliotumwa kwa agizo la mfalme wa Norway. Mashairi ya kale yenyewe yamehifadhiwa hasa katika hati moja ya ngozi ya karne hiyo hiyo ya 13, iliyokaa Denmark zaidi ya miaka 300 na kurudishwa Iceland kwa meli Aprili 1971, umati ukiisubiri bandarini. Watu wa Iceland walibatizwa yapata mwaka 1000. Kwa hiyo miungu hawa tunawapokea kutoka mikononi mwa wajukuu waliokwisha kuwaacha, na ambao, kwa sababu ambazo si za ushairi tu, hawakutaka wasahauliwe.

Namna walivyowaacha nayo ina uzito wake. Nchi ilikaribia kugawanyika, Wakristo upande huu na wafuasi wa dini ya kale upande ule, kila upande na sheria yake. Wakakubaliana uamuzi autoe Thorgeir, msema-sheria wa baraza lao, ambaye mwenyewe alifuata dini ya kale. Aliingia kibandani mwake, akajilaza, akajifunika joho, akakaa kimya mchana kutwa na usiku kucha. Kesho yake akaketi, akawaita watu, akasema wasipokuwa na sheria moja watavunja amani. Kila mtu abatizwe. Kwa muda wakaruhusiwa kula nyama ya farasi na kutoa sadaka za zamani kwa siri. Chini ya joho lile mtu aliaga miungu wake kwa ajili ya majirani zake. Hatujaambiwa kama aliwaomba radhi.

Wengine hawakuharakisha kuchagua. Katika Makumbusho ya Taifa ya Denmark kuna kalibu ya jiwe laini, iliyotoka Trendgården, ambayo fundi aliitumia kumimina fedha iliyoyeyushwa. Imechongwa misalaba, na imechongwa nyundo ya Thor, kwenye jiwe lile lile. Nadhani fundi yule alikuwa na amani zaidi kuliko wahubiri wa pande zote mbili.

Lakini kama nataka kujua ilikuwaje kumwabudu mungu aliyefiwa, ninamwendea Egill Skallagrímsson. Aliishi Iceland karne ya 10, mshairi mkubwa na mtu mgumu: mlevi, mwuaji, mchoyo wa fedha, mwenye sura ya kutisha. Alikuwa mtu wa Odin, kwa kuwa Odin ndiye mwenye ushairi. Mwanawe Gunnar alikuwa amekufa. Kisha Bödvar, aliyempenda kuliko wote, akazama katika fiodi, ghuba nyembamba ya bahari, akisafirisha mbao kwa mashua. Egill aliitafuta maiti mwenyewe, akaiweka magotini juu ya farasi, akaipeleka kwenye kaburi la babu yake. Akarudi nyumbani Borg, akaingia chumbani, akajifungia, akalala. Hakula wala kunywa. Watu walielewa amekusudia kufa.

Mkewe akatuma mtu kwenda kumwita binti yao, Thorgerd. Alifika usiku, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba hajala, wala hatakula tena mpaka afike kwa Freyja, maana hataki kuishi baada ya baba na kaka yake. Akagonga mlango: fungua baba, tusafiri njia moja. Egill akafungua. Binti akalala kitanda cha pili. Baada ya muda Egill akasikia akitafuna. Unatafuna nini? Mwani, baba, nafikiri utanidhuru, nife upesi. Unadhuru kweli? Sana, wataka? Naye akatafuna. Mwani una chumvi, kiu ikawashika, Thorgerd akaomba maji, ikaletwa pembe. Egill akanywa kwa pupa. Binti akasema: tumedanganywa, haya ni maziwa. Egill akaing’ata pembe, akakata kipande chake, akaitupa.

Ndipo binti akasema shauri lao limeharibika. Basi waishi kidogo, muda wa kutosha baba atunge shairi la kumlilia Bödvar, yeye atalichonga kwenye fimbo. Kisha wafe kama bado wataona inafaa.

Shairi hilo, Sonatorrek, linaanza na ulimi mzito usioweza kuinuka. Anasema angeweza angeipiga vita bahari iliyomnyang’anya mwana, lakini ni mzee asiye na watu nyuma yake. Kisha anamgeukia Odin. Anamwambia kwamba walikuwa marafiki, alimwamini, akaishi kwa raha chini ya urafiki ule, mpaka yeye Odin alipouvunja. Hamtolei sadaka kwa hiari tena. Anayeshtakiwa ni mungu ambaye naye alimwinamia mwanawe aliyekufa, na kila aliyelisikiliza shairi katika zama zile alikijua kisa hicho. Egill hatafuti faraja katika hilo. Anataka hesabu. Na anapoihesabu hesabu, kwa haki yake yote ya mtu mbishi, anakuta upande wa pili kuna kitu: Odin amempa ufundi wa maneno usio na dosari. Ni fidia. Haitoshi, ila ni fidia, na anaikubali kama mwanamume anavyokubali fidia barazani, bila kutabasamu. Alipolimaliza shairi aliondoka kitandani, akawasomea watu wa nyumba yake, akakaa kwenye kiti chake.

Aliishi mpaka uzeeni sana. Elli alimkamata barabara: macho yakapofuka, miguu ikakosa nguvu, watumishi wa kike wakamsukuma kando ya jiko kwa kuwa aliwazuia kazi. Alitamani kuyapeleka masanduku yake ya fedha kwenye baraza kuu na kuzimwaga fedha hizo katikati ya umati, ili asikie jinsi watu watakavyopigana. Alipokatazwa, akazificha mahali, na watumwa wawili waliomsaidia hawakurudi naye. Shairi halikumfanya mtu mwema.

Alifia Mosfell, kwa Thordis, aliyekuwa binti wa ndugu yake na ambaye Egill ndiye aliyemlea, akazikwa na silaha zake kwa desturi ya zamani. Mume wa Thordis alipobatizwa alijenga kanisa, na yasemekana Thordis ndiye aliyeihamishia mifupa ya Egill humo. Miaka mingi baadaye kanisa likahamishwa tena, na wachimbaji wakakuta chini ya madhabahu mifupa mikubwa kuliko ya watu wa kawaida. Kasisi mmoja, Skapti, akalichukua fuvu, akaliweka juu ya ukuta wa uwanja, akataka kujua ugumu wake. Alilipiga kwa kisigino cha shoka. Halikupasuka, palipopigwa pakawa peupe tu, nao wakalizika upya pembezoni mwa makaburi ya Mosfell.